Spaiki, fidi na pini ya seremala

Nimenunua Kariakoo chuma kirefu kilichochongoka. Muuzaji anasema ni spaiki ya mabaharia, fundi wangu wa Keko anasema ni pini ya useremala. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Temeke)

Kishike ukitazame vizuri, ndugu yangu. Kikiwa chuma kitupu toka kichwani hadi nchani, ncha imebapa kidogo na kichwani pana tundu, mara nyingi hiyo ni spaiki. Kikiwa na mpini wa mbao, na chuma chake cha mviringo kinapungua taratibu, msikilize fundi wako. Spaiki hufungua kamba, pini huvuta viungo vya mbao.

Pini inavutaje kiungo? (Mwanafunzi wa useremala, Mbagala)

Swali zuri sana hili. Chukua mguu wa meza unaoungwa kwa tundu na ulimi. Kwanza unatoboa kuta za tundu. Unaingiza ulimi, unautia alama, unautoa, kisha unautoboa nao, ila si pale penye alama: unasogea milimita moja au mbili kuelekea bega la ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia. Ukiurudisha, matundu hayalingani, na ndivyo tunavyotaka. Sukuma pini huku unaizungusha, utaona bega linasogea lenyewe mpaka mwanga unapotea kwenye kiungo. Ukiridhika, chomoa pini, gongomea kijiti cha mti mgumu kilichochongwa ncha. Kiungo hicho kinashika hata bila gundi. Huniuma kuona kabati la mninga limepigiliwa misumari mahali ambapo kijiti kimoja kingetosha.

Fidi nayo ni spaiki ya mbao tu? (Mvuvi, Kunduchi)

Kazi zinafanana, lakini usizibadilishe ovyo. Fidi huchongwa kwa mti mgumu au mfupa, nene na laini, kwa ajili ya kamba za nyuzi: usumba, katani, nailoni. Inatenganisha nyuzi bila kuzijeruhi. Spaiki ni ya kamba za waya, mafundo yaliyokazwa na maji ya chumvi, na kufungua pingu za chuma zenye skrubu, zile za kuungia kamba na minyororo.

Nilijifunza hili kwa hasara. Pale Msasani niliwahi kuunga henza, kamba ya kupandishia tanga la mashua, kwa bisibisi niliyoinoa, kwa sababu sikuwa na fidi. Kwa nje kiungo kilipendeza. Siku ya pili henza ikakatika palepale, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikashuka na tanga lake lote, na tulipoifumua kamba tukakuta nyuzi za ndani zimekatwa kama kwa wembe. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu chini.

Na unapounga kamba ya nyuzi tatu kubwa, katani ipitishe kila uzi kati ya nyuzi za kamba angalau mara tatu. Nailoni huteleza, ipitishe mara tano au zaidi.

Nimesoma kwamba fidi hushikilia mlingoti. Ni kweli? (Msomaji, Upanga)

Kweli, ila hiyo ni nyingine yenye jina hilohilo. Katika merikebu za zamani za Ulaya, mlingoti wa juu ulizuiwa usiteremke kwa kipande cha mti au chuma kilichopitishwa kwenye kitako chake. Nacho kiliitwa fidi.

Naweza kuchonga yangu? (Mvuvi yuleyule)

Chonga. Mpingo au mkwaju uliokauka, sentimita 25 hadi 30, ncha butu. Piga msasa mpaka usihisi mkwaruzo hata kwa ulimi, kisha ipake mafuta.

Je, spaiki, ambayo kwa Kiingereza ni marlinspike, imepewa jina la samaki marlini, yule wa jamii ya nduaro? (Msomaji, Kigamboni)

Kinyume chake. Mabaharia wa Uingereza waliiita spaiki hiyo kwa jina la kikamba chembamba, marline, walichokifungulia. Samaki akaja kupewa jina la chombo, kwa ajili ya mdomo wake.

Lile tundu la kichwani ni la nini? (Msomaji, Temeke)

La kamba ya kuifungia kiunoni au mkononi. Usipande mlingotini na spaiki isiyofungwa, hata kwa kazi ya dakika mbili. Ikikuponyoka inashuka kwa ncha, na wenzako wako sitahani.