Kilomita 112 kuizunguka Dodoma kwa miguu: mwenye goti bovu atangulie

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, na sisi ofisini tuko sita, tunataka kuizunguka Dodoma kwa miguu kama nyie. Tuanzie wapi?" Ujumbe wake ulinikuta nimeloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Jumamosi iliyopita, saa 6 mchana, sisi watano tulifika tena Nala, pale pale tulipoondokea katikati ya Juni. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, tumeimaliza. Mambo niliyojivunia hivi maishani ni machache.

Nijibu basi. Anzeni Nala. Ile barabara inakutana na njia kuu nne: ya Singida pale Nala, ya Arusha pale Veyula, ya Morogoro upande wa Mtumba na Ihumwa, na ya Iringa pale Matumbulu. Usafiri wa uhakika wa kurudi mjini mtaupata hapo. Katikati ni mibuyu, miiba na mbuzi. Sisi tuligawa vipande sita, kila Jumamosi kimoja: vitatu kwenye kilomita 52.3 za Nala hadi Ihumwa, vitatu kwenye 60 zilizobaki. Mkiishia porini, pigeni picha jiwe au kibao, mwiteni bodaboda mnayemwamini, na wiki inayofuata muanzie kwenye jiwe lile lile. Msiruke hata hatua kumi.

Vipande viwili vya kwanza tulicheka, tukala karanga, tukarudi nyumbani. Cha tatu ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Wakazi wa Dodoma mnaujua upepo wa Julai. Ukishaipita Veyula barabara inageukia kusini mashariki, kwa hiyo kusi lote linakupiga usoni na vumbi lake. Kwenye kundi letu kuna dada mmoja, amenizidi miaka kama kumi na mitano, kazi yake ya kukaa kutwa nzima, na goti lilikuwa limeanza kumsumbua. Asubuhi ile aliniambia, "Mdogo wangu, leo twende taratibu." Nikaitikia, "Sawa, dada." Kufikia saa 3 nilikuwa mbele na wale vijana wawili, macho kwenye simu nikihesabu dakika za kila kilomita, maana nilitaka tuingie Mtumba kabla ya saa 6. Niligeuka mara moja tu, sikumwona. Nikajiambia yuko na yule mwenzetu wa tano. Yule wa tano naye alikuwa ameshaongeza mwendo kutufuata sisi.

Dada alibaki peke yake na nusu chupa ya maji.

Saa 7 alitufikia Mtumba kwa bodaboda, uso mzima vumbi, michirizi miwili ya machozi imeshuka hadi kidevuni. Alisema neno moja tu: "Kumbe mlikuja kutembea peke yenu." Jioni ile akajitoa kwenye grupu la WhatsApp.

Jumamosi mbili hatukutembea. Ya pili nilikwenda kwake. Shemeji akanikaribisha chai, dada akawa jikoni muda mrefu sana kabla hajatoka. Nikamwambia nimekosa. Akanijibu, "Yameisha. Ila kile kipande mimi sijakitembea." Tukakirudia chote, yeye mbele, sisi wanne nyuma yake. Karibu na mbuyu mmoja mzee wa Kigogo alikuwa na mbuzi wake, akatuamkia, "Mbukwenyi!" Dada ni Mgogo, akasimama, wakazungumza kwa muda, na mzee akatuonyesha kivuli cha kupumzikia. Mara ya kwanza nilimpita mzee huyo huyo bila hata salamu, kwa sababu nilikuwa nawahi. Nawahi nini? Barabara ile inazunguka, inarudi ilikoanza!

Kwa hiyo ndugu zangu, mwenye goti bovu atangulie. Wapo wanaoshauri mgawane, wepesi kundi lao na wazito kundi lao. Siwakubali. Kama unataka kushindana na saa, nenda uwanjani ukakimbie. Umesema unatembea na wenzako, tembea na wenzako. Usiwe na haraka kama yangu. Tizama nyuma kila baada ya muda, na usipomwona mtu, simama mpaka umwone.

Mengine ni madogo. Lita tatu za maji kila mtu, na chumvi kidogo kwenye chakula. Soksi za akiba. Tembeeni upande wa kulia, malori yaje mkiyaona. Julai saa 12 asubuhi bado kuna giza na baridi, vaeni reflekta. Msisubiri Desemba, mvua zitawakuta njiani. Na tena, msimwache mtu.

Kipande cha nne na cha tano vilikuwa jua na lami. Cha sita, kutoka Matumbulu kwenda Nala, upepo ulitusukuma mgongoni, na dada alitembea kilomita tano za mwisho akiimba kwa Kigogo. Kibao cha Nala alikigusa yeye kwanza. Tulikuwa tumekubaliana hivyo bila kumwambia.

Wewe uliyeniandikia, nitumie tarehe yenu. Nitakuja Nala niwasindikize kipande cha kwanza. Nitakaa nyuma kabisa.