Kabla ya Kumsimamisha Mgonjwa Mwenye Kidonda

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya tiba ya viungo hapa Lamu, mtampokea mara nyingi mgonjwa mwenye kisukari, presha na maradhi ya figo, aliyeletwa kwa mashua kutoka Faza au Siyu, naye ana kidonda cha unyayo ambacho asema hakimuumi. Kutouma huko ndiko kunakotisha. Kabla ya kugusa bendeji, pimeni hisia za nyayo zote mbili kwa ule uzi wa gramu 10 (uzi wa nailoni unaopinda ukibonyezwa kwenye ngozi kwa nguvu hiyo), kisha tafuteni mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Msipoyapata, msimfunge bendeji ya kubana wala msikwangue gaga jeusi kavu la kisigino. Mwiteni daktari kwanza.

Miaka yangu ya mwanzo nilimtembeza mzee mmoja ukumbini kwa sababu misuli yake ilikuwa na nguvu na mwenyewe alikuwa na hamu ya kurudi msikitini. Aliporudi kitandani bendeji ilikuwa imelowa damu, na kidonda kilichokuwa kimeanza kufunga kilikuwa kimechanika upya, ilhali yeye hakuhisi lolote. Tangu siku hiyo naamini kwamba dawa njema kuliko zote, juu ya kidonda kinachokanyagiwa, haifui dafu, na kwamba kuuondoa uzito pale ni kazi yetu sisi, si ya muuguzi peke yake.

Kidonda kipimeni urefu, upana na kina kila wiki, mgonjwa akiwa amelala vilevile, na kijiti safi cha kupimia kina kikigonga mfupa, daktari aarifiwe siku hiyohiyo. Kwa asiyeweza kujigeuza, msingoje wekundu wa ngozi ndipo mjue kidonda cha kulalia kinaanza, maana kwenye ngozi nyeusi huenda usionekane kabisa. Papaseni kisigino na kitako mtambue mahali palipo pagumu, palipolegea, au penye joto tofauti na pembeni. Presha ipimwe akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama: ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huyo hajawa tayari kutembea.

Muulizeni pia analala ghorofa ya ngapi. Nyumba zetu za mawe zina ngazi nyembamba zenye vidato virefu, na gari halipiti vichochoroni, kwa hiyo magongo aliyoyazoea kwenye sakafu ya hospitali yaweza kumwangusha mlangoni kwake. Mara nyingi nimewashauri jamaa wamhamishie kitanda chini, nao wakakubali mara tu walipoelezwa sababu kwa upole.

Na kila mnapofungua mguu wenye kidonda, vueni kiatu cha mguu wa pili pia, muangalie hata katikati ya vidole, kwa kuwa sasa ndio unaobeba mwili mzima.