Mteja mjuaji mwachie apange pozi

Kila mwenye studio ya picha anamjua mteja huyu. Hajakaa vizuri kwenye kiti, ameshakuambia taa iko juu mno. Ukimpiga mbili tatu anataka kuona, na akishaona anakunja uso. Wengi wetu humtuliza kwa adabu: "Mzee, niachie mimi, utaipenda tu." Ushauri wangu ni kinyume chake. Muulize anataka aonekane vipi, kisha unyamaze umsikilize.

Iliyonishawishi ni picha ya mwaka 1906 ya George Bernard Shaw. Tunamjua kwa tamthilia, ila miaka ya 1880 alikuwa mhakiki wa sanaa wa gazeti la The World la London, na kalamu yake haikuwa na huruma. Isitoshe, mwenyewe alikuwa na kamera. Mtu wa namna hiyo umpige picha! Kazi ilimwangukia Alvin Langdon Coburn, kijana wa Boston mwenye miaka 23.

Aprili hiyo Shaw alikuwa Paris, Auguste Rodin akimfanyia sanamu. Siku hizohizo sanamu nyingine ya Rodin, yule mtu anayewaza kidevu kikiwa juu ya mkono, ilizinduliwa mbele ya jengo la Panthéon. Basi Shaw akatoa wazo: akitoka kuoga, akae uchi kwa pozi la sanamu hiyo, apigwe picha. Coburn hakubisha. Picha akaiita "Le Penseur", jina la sanamu yenyewe, na mwaka huohuo ikaonyeshwa London. Nadhani mimi ningesita.

Pozi hilo usilidharau. Kwenye sanamu, kiwiko cha kulia kimewekwa juu ya paja la kushoto. Jaribu mwenyewe: mgongo unajipinda, bega linashuka, na muda si mrefu unachoka. Kwa hiyo mkalishe msaidizi wako kwanza, upange taa kwake, ndipo umwite mteja. Tena mwambie kidevu kiguse mkono tu, kisiuegemee. Akiegemea, shavu linapanda na jicho linafinyika, na hapo hakuna programu ya kukuokoa.

Kuna mwalimu mstaafu aliyetaka apigwe akisahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu. Moyoni niliona ni pozi la kalenda. Lakini alipoanza kusahihisha kwelikweli, midomo ikimtembea na miwani imeshuka puani, alinisahau kabisa. Hiyo ndiyo waliyoitundika sebuleni.

Kuchagua picha, hapana, hilo usimwachie. Shaw huyohuyo alimfananisha mpigapicha na samaki anayetaga mayai milioni ili apatikane mmoja wa kukua. Mjuaji ukimwonyesha mayai yote, mtakesha. Mimi huchuja kwanza, nikamwonyesha chache, na jambo hilo tunakubaliana kabla hajatoa malipo ya awali.