Dubious: shaka iko kwa nani hapo?

Wadogo zangu mnaotoka UDOM mnakuja field, hili neno "dubious" naomba mlishike vizuri kabla hamjaanza kuandika mihtasari ya Kiingereza, mimi liliniumiza na mpaka leo nikiliandika lazima nirudie kusoma.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikua naandika vikao vya wakulima wa zabibu kule Hombolo, mradi una mfadhili so kila kitu Kiingereza. Siku hiyo mwenyekiti akagoma kusaini, anasema mzani huu siuamini, kreti ileile jana kilo 20 leo 18. Nikaandika "the chairman was dubious about the scale", hapo niko sawa kabisa. Bosi akasema fupisha, basi mi nikaacha habari ya mzani nikaandika tu kwamba "a dubious chairman" kakataa kusaini. Wiki haijaisha mfadhili kauliza huyo mwenyekiti ana kesi ya hela au vipi? Na mzee wa watu alikua anawatetea wenzake!

Nilipanda gari mpaka Hombolo kumuomba radhi. Akanisikiliza kimya, kisha akasema, mwanangu, mimi nilikua mwenye shaka, wewe umenifanya wa kutiliwa shaka. Ndo hapo nilielewa. Kiswahili kimeyatenga hayo mawili, Kiingereza kimeyabebesha neno moja, asili yake ni Kilatini, undugu na "duo" yaani mbili, mtu anasita katikati hajui aende wapi. Kwa hiyo ukiweka "about" na kitu anachokitilia shaka, shaka ni yake yeye. Ukilibandika mbele ya jina la mtu au kitu, "dubious chairman", "dubious receipt", umeshasema haaminiki, kuna harufu ya ujanja, na hiyo kwenye barua ya ofisi ni tuhuma.

Kama unataka tu kusema mtu anadai ushahidi kwanza, tumia "sceptical", sisi tunaandika na c kama Waingereza, Wamarekani ndo wanaweka k, ila matamshi ni k kote.

Na mlioko uhasibu, yale madeni ambayo huenda yasilipwe ni "doubtful debts". Ukiandika "dubious debts" mteja aliyekwama tu na biashara yake atasoma kwamba unamwita tapeli.