Re: Gemu nlolilipia halifunguki tena, nifanyeje?

Yakhe pole, ila hilo gemu hukulinunua, umenunua leseni ya kulicheza tu, wenyewe wakizima seva, yaani zile kompyuta zao gemu linazoungana nazo, basi kwisha, kama lile gemu The Crew la kampuni ya Ubisoft lilozimwa Machi 2024, hata wenye diski mkononi wakabaki wanaangaliana. Skuhizi kanunue GOG, lile duka la gemu la mtandaoni, kule unashusha faili la kuinstoli halina kufuli la kuomba ruhusa kwao, litie kwenye eksteno mbili, zile hadi diski za nje, moja mpelekee mama kule Chake akuwekee kabatini. Na zile diski zako za PS2 usiuze, zile zinacheza bila seva! Mimi zangu ziko kwenye kopo la biskuti na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, maana hewa ya chumvi hapa Malindi haina huruma, memori kadi yangu meno yashafanya kutu ya kijani.