Maswali na majibu: Chukua, chukua, mpaka lini?

Barua za wiki hii karibu zote zimelalia neno moja la Kiingereza, take. Naanza na ile iliyonichosha.

Niliandika "mkutano wa ushirika utachukua nafasi Jumamosi", mwalimu akanikata alama. Kosa liko wapi?

Hili nimelijibu mara ngapi? "Take place" ni kufanyika. Kwetu, kuchukua nafasi ni kuingia badala ya mwingine: mchezaji wa akiba anaingia dakika ya 70 kuchukua nafasi ya aliyeumia. Mkutano wenu unaingia badala ya nani? Lawama nawapa watangazaji wanaotafsiri habari huku wakikimbizana na saa. Mwalimu wako mpe mkono.

Kamusi yangu imeipa take maana chungu nzima. Nizikariri zote?

Hapana. Kariri neno pamoja na jirani yake. "Take a bus" ni kupanda basi, "take a test" ni kufanya mtihani, "take a photo" ni kupiga picha. Na tafadhali, picha haichukuliwi, labda kama unaitoa ukutani.

Je, "chukua dawa" na "meza dawa" si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na hapa utani tuuweke kando. Dawa huchukuliwa dirishani. Ukifika nyumbani unaimeza, unainywa au unaipaka. Shangazi yangu alipewa karatasi iliyotafsiriwa na mtu mwenye haraka: "Chukua vidonge viwili baada ya chakula." Siku ya tatu nikamkuta kavipanga kwenye kisosi, viwili viwili, kando ya kikombe cha chai. "Nachukua mwanangu, sijaruka hata siku moja." Kweli alikuwa akivichukua: anavitoa kwenye pakiti, anaviweka kisosini, basi. Alitii neno kwa neno, na presha ikabaki palepale.

Na kwa kuwa tumefika huko: ukiona 1x3 kwenye bahasha ya dawa, maana yake ni kimoja, mara tatu kwa siku, kila baada ya saa 8. Si vitatu kwa mpigo kwa sababu jana ulisahau. Usipoelewa, rudi dirishani ukaulize, hata kama foleni nyuma yako inaguna.

Bring na take hunichanganya.

Havipaswi kukuchanganya, maana Kiswahili kimekutengenezea njia: bring ni kuleta, take ni kupeleka. Husemi "nipelekee maji hapa".

"Take off" ni ya ndege au ya viatu?

Vyote. Ndege hupaa, viatu huvuliwa. Ila ukitumia kiwakilishi, kiweke katikati: "take them off". "Take off them" hakuna.

Neno hili limetoka wapi?

Kwa Wavikingi, mabaharia wa zamani kutoka kaskazini mwa Ulaya. Walivuka bahari wakaivamia Uingereza, wengine wakahamia kabisa, wakiwa na kitenzi chao "taka" (si taka zetu za jalalani). Waingereza walikuwa na "niman", ndugu wa "nehmen" ya Wajerumani, lakini mgeni akamtoa mwenyeji. Masalia yake yamo kwenye "numb", yaani kufa ganzi: aliyechukuliwa hisia zake. Kwa hiyo anayedhani lugha safi ni ile isiyokopa, Waingereza wenyewe wamekopa hadi kitenzi cha kuchukua.

Kiingereza hakina mpangilio. Neno moja kazi mia!

Punguza sauti. Umeamka ukapiga mswaki, ukapiga deki, ukapiga pasi shati, ukapiga simu, ukapiga hodi kwa jirani, na hakuna aliyeumia. Mgeni mmoja anayejifunza Kiswahili aliniuliza pasi imekosa nini.

Katika Kiswahili chenyewe, chukua lina kazi gani zaidi ya kushika kitu na kwenda nacho?

Swali zuri kuliko yote, ndiyo maana nimeliweka mwisho. Chukua ni kubeba: ndiyo tukapata mchukuzi na Wizara ya Uchukuzi. Basi huchukua abiria 60. Watu wanaopatana huchukuana, na hata rangi ya kitenge na kilemba huchukuana au hukataana. Na kile Waingereza wanachokiita "take after", sisi tunasema mtoto kachukua sura ya babaye. Hapo chukua, ruksa.