Dosari, kasoro au ila? Kinachomponza mhusika wa tanzia

SWALI: Sisi ni kikundi cha sanaa cha hapa Bagamoyo. Tunaandaa Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, kwa Kiswahili, na tunaandika karatasi ya maelezo ya kuwapa watazamaji mlangoni. Tumebishana juu ya sentensi moja: "Kasoro ya Macbeth ilipelekea anguko lake." Mwenzetu mmoja anataka "dosari", mwingine "ila". Mzee anayekuja kutazama mazoezi anasema sentensi nzima si Kiswahili. Tuandikeje?

JIBU: Mzee wenu kasema kweli, na neno linaloiharibu zaidi sentensi hiyo si "kasoro", ni "ilipelekea".

Kupelekea ni kumpelekea mtu kitu. Mama humpelekea mgonjwa uji. Mvuvi humpelekea jirani kitoweo. Lazima awepo wa kupeleka, cha kupelekwa na wa kupelekewa. Anguko halipelekewi kitu. Matumizi hayo yamejaa magazetini na kwenye ripoti za ofisi, lakini wingi wake haujayafanya yawe na maana. Mkiweka "ilisababisha", sarufi inatengemaa, ila ladha inabaki ya ripoti: mvua kubwa husababisha mafuriko, mbu husababisha malaria. Sentensi hiyo haimgusi mtu.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa tanzia, yaani mchezo unaoishia kwa maangamizi ya mhusika mkuu, kana kwamba kiliundwa kwa ajili yake: kuponza. Mtu aliyepigwa na radi njiani, hatusemi radi imemponza. Aliyeonywa asisimame chini ya mti akasimama, ubishi wake ndio uliomponza. Kinachomponza mtu hutoka kwake mwenyewe au kwa aliye karibu naye: ulimi wake, ujanja wake, rafiki aliyemwamini. Mara nyingi ni kile kile alichokitegemea. Ndiyo maana "tamaa ilimponza Macbeth" inabeba kwa maneno matatu mzigo ambao sentensi yenu ya kwanza haikuuweza.

Angalieni tu nani mnamweka mbele ya kitenzi hicho, maana hapo ndipo mnapotoa hukumu. Chukueni Othello, jemadari katika mchezo mwingine wa Shakespeare, anayemuua mkewe baada ya msaidizi wake, Iago, kumchongea kuwa si mwaminifu. Mkiandika "Iago alimponza Othello", mmemlaumu mchongezi. Mkiandika "wivu ulimponza Othello", mmemlaumu Othello mwenyewe. Ukiutazama mchezo kwa makini, kuna hata sentensi ya tatu: "wepesi wa kuamini ulimponza". Mtu huyo alitosheka na kitambaa cha mkono kilichopotea na maneno ya msaidizi wake, asimketishe mkewe na kumuuliza kwa utulivu. Zote tatu ni Kiswahili safi, lakini kila moja inamwambia mtazamaji atazame mchezo mwingine.

Sasa majina. Kasoro ni upungufu. Ndilo neno tunalotumia kwenye saa, saa mbili kasoro dakika kumi, yaani kuna kitu hakijatimia. Linamfaa mhusika aliyepungukiwa na jambo, kama busara au subira. Macbeth hakupungukiwa, alizidisha, na tamaa ni kitu kilichofurika. Kwa hiyo "kasoro" inapwaya kidogo hapa, ingawa si kosa la kumfelisha mwanafunzi.

Dosari ni doa kwenye kitu kizuri. Kitambaa duni hatukisemi kuwa kina dosari, tunasema ni kibovu. Dosari huonwa kwenye kitambaa cha thamani, na kadiri kilivyo kizuri ndivyo doa linavyouma. Macbeth anaingia mchezoni akiwa jemadari anayesifiwa na kila mtu kwa ushujaa vitani. Hadhira isipouona uzuri huo kwanza, hakuna tanzia, kuna jambazi tu anayepata alichostahili. Dosari ndilo neno lenu.

"Ila" lina utamu wake, na watu wa pwani hulitumia vizuri sana kusifu: "hana ila". Kwenye maandishi lakini linagongana na kiunganishi. Andikeni "Macbeth ni shujaa ila yake ni tamaa", na msomaji atasoma "isipokuwa", ajikwae, arudi nyuma. Karatasi ya mlangoni haina nafasi ya kumrudisha mtu nyuma. "Walakini" ni neno la mazungumzo na la kudokeza: "yule ana walakini" haisemi ana nini, nanyi mnataka kusema ana nini. "Kilema" liacheni kabisa. Zamani lilitumika hata kwa tabia mbaya, lakini leo linaumiza watu waliokaa ukumbini.

Kuna neno jingine ambalo hamkulitaja, nami nalipenda kuliko yote: kosa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake cha ushairi, alisema mhusika wa tanzia si mwema kupindukia wala si mwovu. Anaanguka kwa hamartia. Vitabu vingi vya shule huliita neno hilo dosari ya tabia. Lakini asili yake ni kitenzi cha Kigiriki cha mtupa mkuki au mpiga upinde anayekosa shabaha. Tazameni bahati tuliyo nayo: kukosa kwetu ni vivyo hivyo. Mwindaji hukosa shabaha, na mtu humkosea mwenzake, kwa kitenzi kile kile. Kosa letu liko karibu na neno la Aristotle kuliko dosari.

Tofauti yake ni hii: dosari hukaa ndani ya mtu, kosa ni tendo. Mtu aweza kuishi na dosari miaka arobaini asianguke. Huanguka siku dosari inapozaa kosa. Kreoni, mfalme katika Antigone, mchezo wa Sophocles wa Ugiriki ya kale, ana dosari ya ukaidi. Anakataza maiti ya mpwa wake, kaka yake Antigone, isizikwe, na anamfungia Antigone pangoni akiwa hai kwa sababu ameizika. Baada ya maonyo ya mtabiri kipofu anakubali kubadilika, na wazee wanamwambia aende akamtoe binti, kisha amzike marehemu. Yeye anaanza na maziko. Anapofika pangoni, Antigone amekwisha kujinyonga. Mwanawe anajiua mbele yake, na baadaye mkewe. Hapo ukaidi ulikuwa umekwisha, lakini kosa lilikuwa limeshazaa. Ukiandika "dosari ya Kreoni ni ukaidi" ukaishia hapo, umeiacha nusu ya mchezo.

Kwa Macbeth mfuatano uko wazi zaidi. Katika sehemu ya 1, onyesho la 7, anajihesabia mwenyewe sababu za kutomuua Duncan: ni ndugu yake, ni mfalme wake, na usiku huo ni mgeni wake, ambaye mwenyeji anapaswa kumfungia mlango muuaji. Hadhira ya pwani haihitaji kuelezwa uzito wa kumuua mgeni aliyelala kwako. Anaijua dosari yake na anaitaja kwa ulimi wake. Kisha anaua. Kosa la kwanza linadai la pili: jemadari mwenzake, Banquo, anauawa, mwanawe anaponyoka. La pili linadai la tatu, mke wa mpinzani wake Macduff na watoto wao. Kwa mwendo huo "anguko" pekee linaonekana kama kujikwaa mara moja, na "ameanguka" mtaani yaweza kueleweka kuwa amepatwa na kifafa. Semeni "kuporomoka". Ninyi mnaishi na nyumba za mawe za Mji Mkongwe, mnajua ukuta wa matumbawe na chokaa unavyokwenda: ufa huingiza maji ya mvua, chokaa hulegea, jiwe moja huachia jingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Macbeth aliuona ufa.

Neno "tamaa" nalo lisiachwe peke yake. Mtaani mtu mwenye tamaa ni wa fedha au wa wanawake. Andikeni "tamaa ya ufalme". Kabla hajakutana na wachawi waliomtabiria ufalme alikuwa na ari, na ari ni sifa.

Ningeandika hivi: "Macbeth, jemadari anayesifiwa kwa ushujaa, anaponzwa na tamaa ya ufalme. Anamuua mfalme aliyekuwa mgeni wake, na kila kosa linamlazimisha kutenda jingine, mpaka anaporomoka." Wakati uliopo unafaa, kwa sababu mambo hayo yanatokea mbele ya mtazamaji usiku ule ule. Jina la mhusika liandikeni kama lilivyo kwenye tafsiri mnayoigiza. Mushi, katika tafsiri yake ya mwaka 1968, aliandika Makbeth. Karatasi na bango visitofautiane.

Na kwenye bango, msiweke neno TANZIA peke yake juu kwa herufi kubwa. Kabla ya kuwa istilahi ya tamthilia lilikuwa, na bado ni, tangazo la msiba. Mtu akilisoma ukutani karibu na soko la samaki atatafuta jina la marehemu na saa ya maziko. Andikeni "mchezo wa tanzia", na jina la mchezo liwe juu yake.